Usitazame Katikati ya Picha: Kuitambua Miji ya Ulaya kwa Vitu Vidogo

Wengi wanaobahatisha picha za Ulaya hukosea kwa sababu moja: jicho hukimbilia kilicho katikati. Mnara wa chuma, wanasema Paris. Nyumba za rangi kando ya mfereji, Venice. Kuba kubwa la kanisa, Roma. Lakini kitu maarufu ndicho kinachoigwa, na ndiyo maana ndicho kinachopotosha. Prague, Lyon na Blackpool zote zina minara ya chuma iliyofuata ule wa Paris. Kibao cha jina la mtaa, rangi ya tramu, namba ya gari na mawe ya njia ya waenda kwa miguu ndivyo vinavyoeleza picha imepigwa wapi, kwa sababu ni mara chache mji kuiga vitu hivyo kutoka mji mwingine.

Kwa hiyo ziba katikati ya picha kwa kidole gumba, kisha kuza pembe zake moja baada ya nyingine na usome kila kinachosomeka. Ukishamaliza pembe zote nne, ndipo ulifunue jengo.

Kabla ya yote hakikisha picha haijageuzwa kulia kushoto. Simu nyingi hugeuza picha za kujipiga, na wanaopakia picha za watu wengine huzigeuza makusudi ili zisigunduliwe. Herufi zilizopinduka ndiyo dalili ya haraka. Pasipo maandishi, angalia saa ya mnarani au usukani wa gari. Usipogundua mapema utaona magari ya Ufaransa yakipita kushoto, na kila utakachohitimisha baada ya hapo kitakuwa kibaya.

Barabarani

Ulaya nzima, nchi ambazo magari hupita kushoto ni Uingereza, Ayalandi, Malta na Cyprus. Ukiona basi linapita kushoto umeshaondoa karibu bara lote kwa mara moja. Baadaye angalia namba za magari. Hata zisiposomeka, rangi huonekana. Uingereza ni nyeupe mbele na njano nyuma. Uholanzi na Luxembourg ni njano pande zote mbili. Ubelgiji ina maandishi mekundu juu ya nyeupe. Italia na Ufaransa zina utepe wa bluu kulia na kushoto, nazo kwa mbali hufanana mno. Nchi nyingine nyingi za Umoja wa Ulaya zina utepe wa bluu upande wa kushoto tu. Gari moja si ushahidi, maana mipaka huvukwa kila siku. Tafuta matatu au manne, na uyape uzito zaidi mabasi, teksi na magari ya taka, kwa kuwa hayo hayatoki mjini.

Teksi zenyewe ni hazina. Nyeusi yenye milango ya njano ni Barcelona. Nyeusi yenye paa la kijani ni Ureno. Nyeupe yenye mstari mwekundu wa mshazari mlangoni ni Madrid. Ile ya rangi ya krimu iliyopauka kwa kawaida ni ya Ujerumani. Njano tupu inaweza kuwa Athens au Budapest, ingawa si hiyo pekee, na miji hiyo miwili haifanani kwa lolote lingine.

Tramu zinahitaji uangalifu zaidi, hasa za njano. Watu wakiona tramu ya njano husema Lisbon bila kufikiri, ilhali Budapest na Berlin nazo zina tramu za njano, na Milan ina zile za zamani za njano zilizoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1920. Ya Lisbon ni behewa moja fupi, hupanda mlima mkali, na hupita karibu sana na kuta za nyumba. Ya Budapest ni ndefu yenye mabehewa yaliyoungana, na namba 2 hufuata kingo ya mto Danube. Ya Berlin ni ya kisasa, ndefu, sakafu iko chini, na barabara yake ni tambarare. Prague na Vienna zote ni nyekundu na nyeupe au krimu; hapo tramu haitakusaidia, nenda kwenye vibao. Bluu na nyeupe ni Zürich au Amsterdam, na bluu ya Zagreb imeenea karibu behewa zima. Kijani na manjano hafifu ni Helsinki.

Vibao na herufi

Kibao cha mtaa cha Paris ni cha bluu chenye fremu ya kijani, na juu yake kuna namba ya wilaya ya mji. Cha Vienna ni cha bluu pia, lakini jina hutanguliwa na namba ya wilaya na nukta, na hakina kijani. Cha Prague ni chekundu chenye herufi nyeupe, na nyumba zake zina vibao viwili vya namba, kimoja chekundu na kingine cha bluu. Katikati ya Roma jina limechongwa kwenye bamba la marumaru, na mara nyingi utaona herufi R ikifuatwa na namba ya Kirumi ya mtaa wa kale. Lisbon na Madrid hutumia vigae vya kauri katika sehemu zao kongwe. Brussels huandika kila kitu mara mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Helsinki pia mara mbili, Kifini na Kiswidi.

Venice ina mtego wake. Jina halikuwekwa kwenye kibao, limepakwa ukutani ndani ya mstatili mweupe wenye mpaka mweusi, na neno la kichochoro ni "calle", neno lile lile la Kihispania. Wengi wamepeleka picha ya Venice hadi Seville kwa ajili ya neno hilo. Barcelona nayo huandika "carrer", kwa hiyo kibao chenye "calle" hapo kinapaswa kukutia shaka.

Kuna herufi zinazomaliza mjadala. Ő na ű zenye alama mbili za mlazo ni Kihungaria. Ř ni Kicheki. Ł karibu hakika ni Kipolandi. Þ ni Kiaislandi. Õ inaweza kuwa ya Kireno au Kiestonia, basi angalia kama pana ã karibu. Ikiwepo, ni Kireno. ß ni Kijerumani, ila Waswisi hawaitumii: ukikuta "Strasse" yenye ss mbili kwenye kibao rasmi, hiyo ni Uswisi au Liechtenstein. Herufi za Kisirili si lazima ziwe za Urusi. Bulgaria na Serbia huzitumia pia. Ї yenye nukta mbili ni Kiukreni, na ђ au ћ ni Kiserbia.

Maduka ya dawa husaidia pale ambapo hakuna kibao. Msalaba wa kijani unaowaka umeenea Ufaransa, Hispania na Italia, kumbe Ujerumani alama ni herufi A kubwa nyekundu. Masanduku ya posta ni mekundu Uingereza, kijani Ayalandi, njano Ufaransa na Ujerumani. Kibanda chekundu cha simu hakithibitishi London: Malta navyo vipo, na Gibraltar vipo huku magari yakipita kulia. Vitu vya manispaa navyo vina kighairi chake, kwani lango la metro lenye chuma kilichopindwa kwa umbo la mimea, lile la Paris kabisa, lipo pia Lisbon kwenye kituo cha Picoas. Ndiyo sababu usiridhike na dalili moja. Tatu zinazokubaliana zinatosha.

Majengo mapacha

Sasa ondoa kidole. Hapa kazi ni kuhesabu. Nguzo, matao, farasi na miguu ya mnara havibadiliki, ilhali rangi ya jiwe hubadilika kwa mwanga na kwa vichujio vya simu.

Mnara wa Eiffel una miguu minne iliyo wazi juu ya uwanja tambarare, na urefu wake ni mita 330. Ule wa Prague, kwenye kilima cha Petřín, ulijengwa 1891, una takriban mita 60, kitako chake kina pembe nane, na umezungukwa na miti. Wa Blackpool ni wa 1894, mita 158, miguu yake imefunikwa na jengo na bahari iko mbele yake. Wa Lyon umesimama kilimani Fourvière jirani na kanisa jeupe lenye minara minne. Miguu isipoonekana, tafuta kilichoko chini yake kabla ya kusema Paris.

Daraja jekundu la Lisbon, 25 de Abril, lilifunguliwa 1966 na nafasi yake kuu ina mita 1,013. Wengi huliita la San Francisco. Angalia chini ya barabara: la Lisbon lina njia ya treni ghorofa ya chini. Angalia pia ng'ambo ya mto, upande wa Almada, kuna sanamu ya Kristo iliyonyoosha mikono, ya mwaka 1959. Sanamu hiyo ikipigwa peke yake hugeuka Rio de Janeiro kwa wabahatishaji, ila ya Almada imesimama juu ya nguzo nne ndefu sana zilizounganishwa, na ya Rio imesimama juu ya msingi mfupi kileleni mwa mlima.

Bunge la Hungaria na lile la Uingereza yote ni marefu, yamejaa vinara vya mtindo wa Gothic, na yamekaa ukingoni mwa mto. Tofauti ni hii: la Budapest lina kuba katikati na kulia kwake hufanana na kushoto kwake, la London halina kuba, lina mnara wa saa upande mmoja na mnara mnene wa mraba upande wa pili. Kuba la Budapest na mnara wa saa wa London vyote vina mita 96, kwa hiyo urefu hautakuambia kitu.

Makanisa mawili ya Urusi yenye vichwa vya kitunguu vya rangi huchanganywa kuliko jengo lolote ninalolijua. La Mtakatifu Basil, Moscow, ni la karne ya 16 na liko kwenye uwanja mpana. Lile la St. Petersburg, lililojengwa mahali aliposhambuliwa Tsar Alexander II mwaka 1881, liko ukingoni mwa mfereji. Ukiona maji na vyuma vya kingo, ni St. Petersburg.

Viwanja vya Kirumi vya mviringo ni uwanja wa majaribio mazuri. Colosseum ya Roma ina ukuta wa nje wa orofa nne, karibu mita 48, ila umebaki upande mmoja tu. Ule mkato wa mshazari unapoishia ukuta mrefu ndio saini yake. Ya Pula, Kroatia, ukuta wake wa nje umezunguka mzima, jiwe ni jeupe zaidi, na bahari iko karibu. Ndani ndiko kulikomong'oka. Ya Verona imepoteza karibu ukuta wote wa nje, yamesalia matao manne kama bawa. Nîmes na Arles zote zina orofa mbili za matao 60 kila moja na zinachosha kutofautisha, hadi utakapoona minara ya mraba ya enzi za kati juu ya ile ya Arles.

Malango ya ushindi yahesabu mara mbili: nafasi za kupita na farasi walioko juu. Brandenburg, Berlin, lina nafasi tano kati ya nguzo, sita mbele na sita nyuma, na farasi wanne juu. Arc de Triomphe ya Paris, iliyokamilika 1836, ina mita 50 na juu yake ni tupu. Lile dogo lililo karibu na Louvre lina nguzo za waridi na farasi wanne. La Brussels lina nafasi tatu kubwa zilizo sawa na farasi wanne. La Milan lina gari linalovutwa na farasi sita. La Barcelona ni la matofali mekundu, la mwaka 1888. La Bucharest ndilo gumu, kwa kuwa hufanana na la Paris, lakini lina mita 27 tu. Linganisha na watu au magari yaliyo chini yake.

Hekalu la Parthenon lina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni. Walhalla, Ujerumani, lililozinduliwa 1842 juu ya mteremko unaotazama Danube, lina hesabu hiyo hiyo, ila ni zima, lina paa, na ngazi zake zinashuka mlima. Likionekana hekalu la Kigiriki lisilo na ufa hata mmoja, shuku nchi za kaskazini. Edinburgh ina nguzo 12 juu ya Calton Hill, mnara wa kumbukumbu ambao haukumalizika. Sicily, nguzo 6 mbele: Segesta ina 14 ubavuni, Concordia ya Agrigento 13. Athens yenyewe ina jingine la 6 kwa 13, la Hephaestus, lililo karibu zima, na watalii huandika chini yake "Parthenon" kila siku.

Makuba nitayapitia haraka. Florence: pembe nane, vigae vyekundu, mbavu nyeupe, kazi ya Brunelleschi iliyokamilika 1436. Mtakatifu Petro: la kijivu, mbavu 16. Mtakatifu Paulo, London: laini bila mbavu nene, na duara la nguzo limelizunguka chini. Invalides, Paris: lina dhahabu. Kanisa kuu la Berlin: kijani cha shaba iliyochakaa.

Kwenye mifereji usitazame maji, tazama ukingo. Venice hakuna gari wala baiskeli, na maji hugusa kuta na vizingiti vya milango. Amsterdam ina barabara na miti pande zote mbili, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma vya madaraja, na nyumba nyembamba zina ndoano juu kabisa ya paa ya kupandishia mizigo, kwa kuwa ngazi za ndani ni finyu. Tafuta pia vile vigingi vifupi vyenye alama tatu za X. Bruges ni matofali, mapaa yenye ngazi, na mnara wa kengele wa mita 83. Nyhavn ya Copenhagen ina meli za mbao zenye milingoti. Colmar ina nyumba za mbao zilizojazwa chokaa katikati, na majina ya migahawa ya Kijerumani huwafanya watu waiweke Ujerumani. Soma vibao vya barabarani, ni vya Kifaransa.

Na vinu vya upepo: vyeupe vyenye kofia ya nyasi baharini ni Mykonos, vyeupe vyenye kofia nyeusi yenye umbo la koni kwenye kilima kikavu ni Consuegra, Hispania, na safu ya vinu vikubwa kando ya mfereji ni Kinderdijk, Uholanzi, ambako vipo 19. Kuba la bluu juu ya jabali jeusi linaloporomokea baharini ni Santorini.

Jua na vivuli

Bila kibao wala jengo, bado una kivuli. Jua la adhuhuri liko kusini popote Ulaya. Urefu wake angani hupatikana hivi: 90 ukatoa latitudo, kisha ongeza 23.4 mwishoni mwa Juni au toa 23.4 mwishoni mwa Desemba. London hupata nyuzi 62 na 15, Athens 75 na 29, Helsinki 53 na chini kidogo ya 7. Kwa hiyo kivuli cha mtu adhuhuri ya Juni ni robo ya urefu wake Athens na nusu London. Desemba Helsinki, kivuli hufika karibu mara tisa ya urefu. Kosa la kawaida ni kuamini saa ya ukutani: Madrid wakati wa kiangazi jua hufika juu kabisa kama saa nane na robo mchana.

Makanisa ya kale mengi yana madhabahu mashariki na lango kuu magharibi, basi uso wake hupata jua alasiri. Mtakatifu Petro wa Roma ni kinyume, uso wake hutazama mashariki. Picha yake yenye jua usoni imepigwa asubuhi.

Kuthibitisha

Ukishakuwa na wazo, ndipo utumie zana za kutafuta kwa picha mtandaoni: Google Lens, Yandex au TinEye. Usipakie picha nzima. Kata kipande kimoja chenye kitu kimoja, tafuta, kisha kata kingine. Picha nzima yenye anga la machweo huleta machweo mengine elfu. TinEye hutafuta nakala za picha ile ile, kwa hiyo hufaa kupata iliyochapishwa kwanza. Lens hutafuta vinavyofanana, na huvutwa na majengo maarufu, hivyo kanisa la mji mdogo hugeuzwa la mji mkubwa. Taarifa za mahali ndani ya faili hufutwa picha inapopita WhatsApp au Facebook, isipokuwa imetumwa kama hati. Mwisho fungua picha za barabarani za ramani na ulinganishe vitu vitatu visivyohama: dirisha, kona ya paa, nguzo ya taa.

Nakala nazo zipo. Mini-Europe ya Brussels, Madurodam ya The Hague na Minimundus ya Klagenfurt zina majengo ya kipimo cha 1:25. Jani likiwa kubwa kuliko dirisha, uko huko. China ina Eiffel ya mita 108 Tianducheng, jirani na Hangzhou, na nakala ya Hallstatt, kijiji cha Austria, mkoani Guangdong tangu 2012. Picha zilizotengenezwa na akili mnemba hukosea pale pale unapohesabu: Brandenburg yenye nguzo saba, kibao chenye herufi zisizo za lugha yoyote.

Picha ya kweli inaweza pia kukupa mwaka. Gurudumu la London Eye likiwepo, ni 1999 au baada yake, na watu ndani yake maana yake ni 2000 kuendelea. Notre-Dame ya Paris ikiwa imezungukwa na winchi na haina kilele chembamba katikati ya paa, imepigwa baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019 na kabla ya kanisa kufunguliwa tena Desemba 2024.